Ziara ya Kwanza ya Mtoto kwa Daktari wa Meno: Mwongozo Kamili kwa Familia Nzima

Malalamiko ya wazazi yanafanana. Mtoto alianza kulia mlangoni, akakataa kufungua mdomo, familia ikarudi nyumbani bila kuhudumiwa, na safari ya pili ikawa ngumu kuliko ya kwanza. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa kama msaidizi wa daktari katika kliniki ya meno ya watoto, na ninachokiona ni kwamba kosa mara chache hutokea kwenye kiti cha daktari. Hutokea nyumbani, wiki kadhaa kabla, katika maneno ya watu wazima wanaomzunguka mtoto na katika mazoea ya kusubiri mpaka jino liume.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtoto aliyeota jino la kwanza hadi yule wa miaka sita hivi. Hatua zake zinategemeana, na kwa kawaida anayekwama katika hatua ya sita ni yule aliyeiruka ya pili au ya tatu.

## Vitu vya kuandaa

- Mswaki wa mtoto, wenye kichwa kidogo na nyuzi laini.
- Dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha meno. Soma maandishi ya nyuma ya tyubu: kiwango kisipungue ppm 1,000, yaani sehemu 1,000 za floraidi katika kila milioni. Baadhi ya dawa zenye picha za kuvutia watoto zina kiwango cha chini ya hapo, na nyingine hazina floraidi kabisa.
- Tochi ndogo, au simu yenye tochi.
- Kioo cha mkononi.
- Daftari na kalamu.
- Kadi ya kliniki ya mtoto, pamoja na orodha ya dawa anazotumia na vitu vinavyomletea mzio.
- Kitu kimoja anachokipenda, kama vile mwanasesere au blanketi lake.
- Nguo za kubadilisha, ikiwa bado ni mchanga.

Anahitajika pia mtu mzima mmoja ambaye mtoto anamwamini na ambaye yeye mwenyewe haogopi daktari wa meno. Mtu huyo si lazima awe mama au baba. Ikiwa wewe unatetemeka ukisikia mlio wa mashine ya daktari, mtoto atausikia mwili wako kabla hajasikia maneno yako, kwa hiyo ni afadhali aende na mjomba au bibi aliyetulia.

## Hatua ya 1: Panga siku kabla maumivu hayajaanza

Ziara ya kwanza inapaswa kufanyika ndani ya miezi sita tangu jino la kwanza lichomoze, na isivuke siku ya kuzaliwa ya kwanza. Wazazi wengi hushangaa kusikia hivyo, kwani mtoto wa mwaka mmoja ana meno machache tu. Ndiyo sababu ya kwenda mapema: hakuna la kutibu, hakuna linalouma, na kumbukumbu ya kwanza ya mtoto kuhusu chumba kile inakuwa ya mtu aliyemhesabia meno. Mtoto aliyepita umri huo hajachelewa. Aanze sasa.

Pia jino la utotoni lina tabaka jembamba la nje kuliko jino la ukubwani, kwa hiyo uozo ukishaanza hupenya haraka. Kati ya doa jeupe lisilouma na shimo linalomwamsha mtoto usiku panaweza kuwa na miezi tu.

Unapoomba miadi, chagua saa za asubuhi, baada ya mtoto kulala vya kutosha na kula. Mtoto mdogo anayepelekwa saa yake ya kusinzia atalia hata akipelekwa kucheza. Mwambie mhudumu wa mapokezi kwamba hii ni mara ya kwanza, uliza kama mlezi anaruhusiwa kubaki chumbani, na utaje mapema hali yoyote ya pekee, kama vile matatizo ya moyo, usonji, au mtoto kutovumilia kelele na kuguswa.

Onyo. Ikiwa mtoto ana maumivu tayari, usisubiri kukamilisha mwongozo huu. Wasiliana na kliniki leo. Ikiwa shavu au taya limevimba na ana homa, au anashindwa kumeza au kupumua vizuri, nendeni hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Usimpe mtoto aspirini wala usiiweke kwenye ufizi wake. Huunguza ufizi, na kwa watoto ni dawa ya hatari.

Hatua hii imekamilika ukiwa na tarehe iliyo mbele kwa wiki mbili au tatu, na jina la mtu mmoja atakayempeleka.

## Hatua ya 2: Kubalianeni maneno, nyumba nzima

Kama ningelazimishwa kubakiza hatua moja tu katika mwongozo huu, ningebakiza hii.

Mtoto wa miaka minne aliingia kwetu ameshika mkono wa shangazi yake. Alichagua kitabu cha picha mezani, akakaa, akaanza kufunua kurasa. Shangazi, kwa mapenzi kabisa, akamwinamia na kumwambia, "Usiogope, mwanangu, hawatakuchoma sindano." Hakuna mtu aliyekuwa ametaja sindano. Mtoto alikiweka kitabu chini, akautazama mlango wa chumba cha daktari kwa muda, kisha akauliza, "Sindano gani?" Siku ile hatukufanikiwa kuhesabu hata jino moja.

Mtoto mdogo halisikii neno "usiogope" kama faraja. Analisikia kama taarifa kwamba kuna jambo la kuogopwa. Vivyo hivyo, "haitauma" humfundisha kwamba kuna kuuma, na "uwe jasiri" humwambia kwamba anakwenda vitani. Kwa hiyo ondoeni kabisa katika mazungumzo ya nyumbani maneno sindano, kung'oa, damu, kuuma na kuchoma, na badala yake semeni mambo madogo ya kweli: daktari atahesabu meno yako; atayaangalia kwa kioo kidogo; kiti chake kinapanda na kushuka; ana taa kama jua.

Msimdanganye pia. Usimwahidi kwamba hatafanyiwa kitu, kwa sababu hujui. Akiuliza swali gumu, jibu linalotosha ni, "Hilo sijui. Tutamuuliza daktari pamoja." Mtoto aliyedanganywa mara moja huwaweka daktari na mzazi wake kundi moja la waongo, na kuitengeneza imani hiyo huchukua ziara nyingi.

Kazi ngumu ni kuwafikia wote. Kaka mkubwa hutishia kwa utani. Jirani husema, "Ukila peremende nitamwita daktari aking'oe kijino hicho." Dada anayemlea mchana hutumia kliniki kama fimbo pale mtoto anapokataa kula. Kila mmoja wao aelezwe kwa upole, na aelezwe sababu, maana watu hushika katazo kwa urahisi zaidi wanapojua linalinda nini. Mwalimu wa chekechea naye aambiwe. Mara nyingi yeye hutoa msaada mkubwa kwa kuwachezesha watoto mchezo wa kliniki darasani.

Wazee wanahitaji adabu zaidi. Bibi aliyeng'olewa jino utotoni bila ganzi ana haki ya kuisimulia habari hiyo, naye huisimulia vizuri mno. Mfuate pembeni, si mbele ya mtoto, umwambie: "Mama, tunakuomba ile habari ya jino lako uiweke kwanza mpaka mjukuu wako atoke kliniki. Na tunaomba wewe ndiye umfundishe kuhesabu meno." Sentensi ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza. Mzee aliyepewa kazi hasikii kwamba amenyamazishwa.

Ili kujua kama mmefaulu, muulize mtoto, kama kwa bahati tu, daktari wa meno hufanya nini. Akijibu "anahesabu meno", endeleeni. Akijibu kwa kuficha mdomo, tafuteni ni nani ameongea.

## Hatua ya 3: Mzoeze kulala chali na kuangaliwa mdomo

Kliniki humtaka mtoto afanye mambo matatu yasiyo ya kawaida kwake: kulala chali mbele ya mtu mwingine, kufungua mdomo muda mrefu, na kumruhusu mtu aguse fizi zake. Yote matatu yanaweza kuzoewa nyumbani wakati wa kupiga mswaki.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, watu wazima wawili wakae wakitazamana, magoti yao yakigusana. Mtoto akae mapajani mwa mmoja, akimtazama usoni, miguu yake ikiwa imezunguka kiuno cha mtu huyo. Kisha alazwe taratibu nyuma mpaka kichwa chake kitue mapajani mwa mtu wa pili. Huyu wa pili ndiye anayeona mdomo vizuri, na ndiye atakayepiga mswaki. Wa kwanza anashika mikono ya mtoto na kuzungumza naye. Madaktari wengi wa meno ya watoto huwaangalia watoto wadogo kwa mkao huohuo, kwa hiyo mtoto aliyeuzoea hataona jipya isipokuwa sura ya mtu.

Mkiwa katika mkao huo, fuateni utaratibu huu asubuhi na, bila kukosa, kabla ya kulala:

Paka dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kiasi cha punje ya njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita. Inua mdomo wa juu kwa kidole. Elekeza nyuzi za mswaki kwenye mstari ambapo jino linakutana na ufizi, kwa sababu utando wa bakteria hukaa hapo, na usugue kwa miduara midogo bila kukandamiza. Lengo ni dakika mbili, lakini anza na sekunde 20 na uongeze. Mwishoni ateme povu, asisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki ikifanya kazi juu ya meno.

Kisha washa tochi na uhesabu meno kwa sauti. Seti kamili ya utotoni ina meno 20, na kwa kawaida hukamilika karibu na umri wa miaka mitatu. Unapohesabu, tazama meno ya mbele ya juu karibu na ufizi. Mstari mweupe usiong'aa, unaofanana na chaki, ni dalili ya mwanzo ya uozo, na katika hatua hiyo jino bado linaweza kuokolewa bila kutobolewa. Iandike daftarini. Mwisho mpe mtoto kioo, umruhusu ahesabu ya kwako. Atakuwa na makosa mengi, na atafurahi sana.

Watu huniuliza ni lini mtoto aachiwe mswaki. Anaweza kuushika tangu mwanzo, ila mtu mzima amalizie hadi afikishe miaka saba au minane. Mkono wa mtoto mdogo haujapata ufundi wa kufika magego ya nyuma, hata awe na bidii namna gani.

Onyo. Usimbane pua wala usimlazimishe kufungua mdomo kwa kijiko. Akikataa, mswaki ukae shavuni mpaka umalize kuhesabu tano, kisha mwachie. Kesho hesabu kumi.

Umefaulu mtoto anapolala chali na kubaki na mdomo wazi mpaka umalize kuhesabu ishirini, siku tatu mfululizo.

## Hatua ya 4: Andika kinachoingia mdomoni kwa siku tatu

Hatua hii ni fupi, na wengi huidharau. Kwa siku tatu, andika kila kitu anachokula na kunywa, pamoja na saa. Usipime uzito, kinachotafutwa ni idadi ya nyakati. Kila mara sukari inapoingia, bakteria huigeuza kuwa asidi, na mdomo huhitaji nusu saa hivi kurudi katika hali ya kawaida. Kwa hiyo mtoto anayekunywa maji ya matunda kwa vijifunda mchana kutwa hupata madhara makubwa kuliko anayemaliza kiasi hichohicho wakati wa chakula.

Andika pia chupa ya maziwa ya kulalia, ikiwa ipo. Usingizini mate hupungua, na maziwa hubaki yamezunguka meno ya mbele usiku kucha. Dawa za maji zenye sukari ziandikwe vilevile. Kama mtoto hulala nyumba mbili, au hushinda kwa jirani, waombe na wao waandike. Usiipambe orodha; daktari akisoma orodha safi huku meno yana madoa, atalazimika kukisia, na ushauri utakaotoka katika makisio hautakufaa.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe

Fikeni dakika 15 kabla ya wakati. Zaidi ya hapo ni hasara, kwani mtoto huchoka kusubiri na kuanza kuwatazama wanaotoka wakilia. Aende na mtu mzima mmoja, au wawili wakizidi. Familia inayokuja na watu sita kumtia moyo humfanya mtoto aamini kwamba kuna msiba.

Kaka au dada mkubwa aliyezoea kliniki ni hazina, ikiwa naye ana miadi. Aingie kwanza, mdogo akae pembeni atazame. Ila kama mkubwa huyo ana jino la kung'olewa siku hiyo, watenganisheni.

Usiahidi zawadi kubwa asubuhi. Mtoto ana akili: huona kwamba malipo makubwa hutolewa kwa kazi mbaya.

## Hatua ya 6: Ndani ya chumba, sauti iwe moja

Madaktari wa meno ya watoto hutumia utaratibu ulioelezwa na daktari wa meno Addelston mwaka 1959, ambao kwa Kiswahili tunaweza kuuita sema, onyesha, fanya. Daktari hueleza kwa maneno ya mtoto, huonyesha kifaa kwenye kidole au kwenye mwanasesere, kisha hufanya kile kile alichokieleza, bila nyongeza. Utaratibu huu huvunjika pale mlezi anapoingilia kati: "Fungua mdomo! Fungua basi! Daktari anakusubiri!" Mtoto akisikia sauti tatu hafuati hata moja. Kazi yako ni kumshika mkono, kumtazama usoni, na kunyamaza mpaka daktari akuombe useme.

Mweleze mtoto mkubwa kidogo, mbele ya daktari, kwamba akiinua mkono wa kushoto kazi itasimama. Daktari naye lazima asimame kweli. Nimeona watoto wakiinua mkono mara nne ili tu kuhakikisha, kisha wakatulia hadi mwisho.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu huenda akalia, na kulia huko si kushindwa. Anayelia mdomo wake uko wazi, na daktari mwenye uzoefu humaliza kumwangalia katika dakika moja au mbili. Usimnyakue katikati. Subiri daktari aseme amemaliza, kisha mkumbatie.

Huenda daktari akapaka floraidi ya kushikamana juu ya meno. Haiumi, lakini inaweza kuacha rangi ya manjano kwa siku moja. Uliza ni saa ngapi asile vitu vigumu au vya moto, na lini aanze tena kupiga mswaki.

Mafanikio hapa si ukimya. Mafanikio ni kwamba meno yamehesabiwa, mtoto ametoka akijua ni jambo gani alilofanya vizuri, na mmeambiwa hali ya meno yake. Msifu kwa tendo mahususi: "Ulifungua mdomo mpaka daktari akafika gego la mwisho."

## Hatua ya 7: Usitoke bila majibu haya

Fungua daftari uulize: kuna madoa meupe au mashimo, na yako jino lipi? Mtoto yuko katika hatari kiasi gani ya kuoza meno? Turudi lini? Familia nyingi huambiwa miezi sita, lakini mtoto mwenye madoa anaweza kuitwa baada ya miezi mitatu.

Daktari akishauri kuziba jino la utotoni, usijibu haraka kwamba "litang'oka tu". Magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, mtoto hutafuna kwayo, na hutunza nafasi ya meno yanayokuja. Uliza njia zilizopo. Moja ni dawa ya majimaji yenye fedha na floraidi, inayosimamisha uozo bila kutoboa. Ujue mapema kwamba huligeuza eneo lililooza kuwa jeusi, na rangi hiyo haitoki. Kwa gego la nyuma wengi hawajali. Kwa jino la mbele familia ijadiliane kwanza.

Ikiwa mtoto amepigwa ganzi, mdomo wake utabaki bila hisia kwa saa mbili au tatu. Mchungeni asiung'ate. Watoto huutafuna kwa udadisi, na jioni mdomo huwa umevimba na kuchubuka, na mzazi hudhani daktari ndiye aliyemjeruhi.

## Hatua ya 8: Simulizi ya nyumbani na tarehe ya kurudi

Jioni hiyohiyo, mtoto amsimulie bibi, mbele ya wote, idadi ya meno yaliyohesabiwa. Kumbukumbu ya mtoto hutengenezwa pia na namna tukio linavyosimuliwa baadaye. Mtu asianze na "alilia sana". Aanze na kiti kilichopanda juu.

Andika tarehe ya kurudi mahali ambapo kila anayemlea ataiona, kisha rudieni hatua ya pili na ya tatu wiki mbili kabla yake, kwa sababu wageni huja, maneno hurudi, na mtoto wa miaka mitatu husahau.

Mtoto akifika miaka mitano na nusu, ongeza jambo moja katika ukaguzi wa tochi. Kuna gego la ukubwani linalochomoza karibu na umri wa miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kumpisha. Kwa kuwa hakuna pengo lililotangulia, wazazi wengi hulidhania la utotoni na kuliacha lioze katika miaka yake ya mwanzo. Liguse kwa kidole: ni pana, na lina mifereji mirefu juu yake. Siku utakapoliona limetokeza, piga simu kliniki uulize kama mifereji hiyo inaweza kufunikwa, usingoje tarehe iliyoandikwa.